Kompyuta ya mzee bado ina Windows 7, nipige Windows gani bila kupoteza kazi zake?

mtoto_wa_muheza

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri, jumamosi ijayo naenda nyumbani Muheza na nataka nifike nikiwa najua nafanya nini.

Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 74. Ana kompyuta ya mezani Dell Optiplex 780, Core 2 Duo E7500, RAM GB 2, hadidiski GB 160, Windows 7 ile ya 32-bit. Aliinunua mtumba baada ya kustaafu na tangu hapo anaandika humo historia ya ukoo wetu, kaanzia kwa babu wa babu yake, nani alitoka wapi akafikia kwa nani, nani kaoa wapi, michungwa ya kwanza ilipandwa na nani, yaani vitu ambavyo mzee akiondoka hakuna mwingine anayevijua. Yote yako kwenye Word 2007, alafu kuna picha za zamani alizoskani mwenyewe moja moja.

Sasa shida, Chrome inamwambia haitapata apdeti tena, tovuti za magazeti mara zifunguke mara zigome zinaleta onyo kwamba muunganisho sio salama, na tangu uwashe mpaka uanze kutumia ni kama dakika nane. Fundi mmoja pale mjini kamwambia apeleke CPU tu atampigia Windows 11 kwa elfu 30 aichukue kesho yake. Nimempigia mzee nikamwambia asiipeleke kwanza.

Je hii mashine inabeba Windows 11 kweli? Kama haibebi nimuwekee nini? Anachohitaji ni kuandika, kuprinti (ana printa HP LaserJet 1020), kusoma magazeti na imeli basi. Na kikubwa kuliko vyote, kazi zake zisipotee hata ukurasa mmoja.

fundi_karanga

Mkuu umefanya la maana sana kumzuia.

Windows 11 kwa hiyo mashine haipo. Microsoft wanataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), RAM isipungue GB 4, na kwa Intel prosesa kuanzia kizazi cha nane kwenda juu, hiyo E7500 imetangulia hata hivyo vizazi havijaanza kuhesabiwa. Najua mafundi wengi tunaruka ule ukaguzi kwa kutengeneza flashi ya kupigia Windows na programu ya Rufus na kwa mashine za katikati inakubali, ila kuanzia toleo la 24H2 prosesa lazima iwe na amri zinazoitwa POPCNT na SSE4.2 na Core 2 Duo hazina, kwaiyo hapo hakuna ujanja, haitawaka kabisa. Akiweka toleo la nyuma ya hapo itawaka lakini mzee atakuwa kwenye njia isiyoenda mbele na kwa GB 2 atateseka kuliko sasa.

Windows 10 inakaa vizuri tu. Hiyo prosesa ni ya 64-bit ingawa amewekewa Windows ya 32-bit, na kutoka 32 kwenda 64 huwezi kuapgredi juu kwa juu, lazima upige upya kuanzia sifuri. Ujue pia sapoti ya Windows 10 iliisha 14 Oktoba 2025, ukijiandikisha kwa akaunti ya Microsoft unaongezewa apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026, na laiseni ya Windows 7 haiaktiveti tena Windows 10 siku hizi, hiyo njia waliifunga 2023. Usimwekee mzee ya kreki, hizo programu za kukreki ndo mlango wa vairasi.

Ila nikwambie kitu kimoja, kinachoiua hiyo kompyuta ni diski na RAM. Hadidiski ya GB 160 ya miaka hiyo imechoka. Nunua SSD ya GB 240 ya kawaida ya SATA, waya ni zile zile, kwenye kava unaweza kuibana hata na tepu ya pande mbili maana haina kitu kinachozunguka ndani. Mazabodi (bodi kuu) yake ni SATA ya kizazi cha pili kwaiyo haitafika spidi iliyoandikwa kwenye boksi, lakini tofauti mzee ataiona siku hiyo hiyo. RAM ni DDR3, tafuta vijiti vya GB 2 viwili. Usikimbilie cha GB 4 kimoja, chipseti za enzi hizo zinakataa vijiti vya GB 4 vyenye chipu upande mmoja, nimeshaona mtu anarudisha dukani mara tatu anadhani kauziwa kibovu.

Alafu diski ya zamani USIIFOMATI. Chomoa, iandike kwa makapeni, ifunge kwenye mfuko uweke kabatini. Kila kitu unachopiga kipige kwenye SSD mpya. Kikienda mrama unarudisha ile ya zamani dakika kumi mzee anaendelea na Windows 7 yake kama hakuna kilichotokea.

dada_wa_steshenari

Naomba niongezee hapo kwa fundi kwa sababu mimi yalinikuta.

Nina steshenari Iringa, kompyuta ilikuwa nzito nikampa fundi aipige Windows, nikamwambia vitu vyangu viko drive D usiiguse. Aliporudisha drive D ilikuwa haipo, kaunganisha zote akafomati, ananiambia dada nilidhani D ni ya bure. Kazi za wateja nikaomba msamaha watu wakanielewa, lakini humo kulikuwa na picha za mama yangu za hospitali na za nyumbani, za miezi yake ya mwisho, na simu iliyozipiga ilishaibiwa. Niliwapelekea watu wawili kujaribu kuzirudisha zikarudi chache tena nusu picha nusu rangi ya kijivu. Mpaka leo nikiona mtu anaandika "nataka kupiga Windows" roho inaruka.

Kwaiyo kaka, kopi mbili kabla hujagusa skrubu hata moja. Moja flashi au diski ya nje, nyingine kwenye laptopu yako unayoondoka nayo. Na usikopi "My Documents" peke yake ukadhani umemaliza, wazee wanasevu vitu popote. Angalia Desktop, angalia drive D, angalia folda ambayo skana inatupia picha maana mara nyingi iko peke yake, angalia Downloads. Kama anatumia Outlook kuna faili la pst ndo lenye imeli zake zote. Tafuta kwa kuandika .doc kwenye kile kiboksi cha kutafutia uone kila faili liko wapi. Ukimaliza kukopi fungua machache kwenye laptopu yako uhakikishe yanafunguka, usiangalie tu kwamba majina yapo. Na nywila alizosevu kwenye Chrome mwandikie kwenye daftari kabla hujaizima.

Mvita_kompyuta

Pole sana dada, hilo la picha limenichoma.

Ndugu wa Muheza, mie niko Mombasa, mashine za namna hiyo nimezifufua nyingi, za madrasa, za maduka, ya kwangu mwenyewe. Fundi hapo juu amesema kweli tupu lakini kwenye Windows 10 naona anakupeleka kwenye nyumba ambayo notisi ya kuhama ishabandikwa mlangoni. Oktoba 2026 utarudi hapa hapa kuuliza. Mtie mzee Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows, ile ya Xfce (yenye muonekano mwepesi). Toleo la 22 lina apdeti mpaka 2029, ni bure halali bila kreki, RAM ya GB 4 inatosha kwa alivyosema anatumia. Menyu iko chini kushoto vilevile alivyozoea.

Uzuri wake waweza kuijaribu bila kuiweka. Watengeneza flashi, wawasha kompyuta, wabonyeza F12 kwenye Dell, wachagua flashi, Mint yafunguka pale pale na diski haijaguswa. Mkalishe mzee aandike barua moja, aprinti, asome gazeti. Hakuipenda, chomoa flashi, maisha yaendelea.

Kwa kuandika kuna LibreOffice, yafungua mafaili ya Word 2007 na ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, hiyo mzee mwalimu ataipenda. Jambo hili la programu huru kwa Kiswahili si geni wala, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walishatoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na LibreOffice ni mtoto wa hiyo OpenOffice.

Printa ya 1020 yafanya kazi ila yataka ipate kijiprogramu chake kutoka HP mara ya kwanza, uwe na intaneti, wafungua teminali (dirisha la kuandikia amri) waandika hp-plugin wafuata maelekezo.

fundi_karanga

@Mvita sibishani na wewe kuhusu usalama, hapo umenishinda. Wasiwasi wangu ni mpangilio. Mzee kama ametengeneza mti wa ukoo kwa maboksi na mishale ndani ya Word, LibreOffice itafungua lakini maboksi mengine yatahama. Maandishi ya kawaida hayana shida, Calibri na Times New Roman zina mbadala wenye upana ule ule kwaiyo kurasa hazivurugiki sana. Ile miti atoe nakala ya PDF kwanza akiwa bado kwenye Word yake. Word 2007 inasevu PDF kama ina Service Pack 2 (kifurushi cha pili cha apdeti zake).

Na wewe mwenye uzi, nikuulize, saa na tarehe ya kompyuta ya mzee iko sawa? Hilo onyo la muunganisho sio salama linanipa shaka.

mtoto_wa_muheza

Nimempigia sasa hivi. Anasema kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi, anairekebisha akikumbuka, alijua ndo kawaida ya kompyuta.

fundi_karanga

Basi ndo hiyo. Betri ya mazabodi imekufa, ile ya duara CR2032, kama ya kwenye rimoti za magari, bei yake ndogo. Cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta ikiwa inaamini tuko miaka kumi nyuma inaona kila cheti bado hakijaanza, inagoma. Ungepiga Windows yoyote duniani hilo lingebaki pale pale. Badilisha betri kwanza.

Ukishabadilisha ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi) kwa F2, weka tarehe, alafu hapo hapo kwenye SATA Operation hakikisha ni AHCI (namna mashine inavyoongea na diski) kabla hujapiga chochote kwenye SSD. Flashi itengenezee huko huko uliko maana Rufus mpya haifunguki kwenye Windows 7, na kwenye Rufus uchague MBR (mpangilio wa zamani wa diski), hiyo mashine ni ya BIOS ya zamani. Usitegemee bando la Muheza kushusha, Mint inakaribia GB 3.

mtoto_wa_muheza

Wakuu nimerudi jana, nawapa mrejesho.

Kukopi kumechukua jumamosi nzima na dada wa steshenari Mungu akubariki, mzee alikuwa na folda tatu za "UKOO", moja Desktop, moja Documents, na nyingine drive D ambayo yeye mwenyewe alishaisahau, ndani yake kuna mahojiano aliyomfanyia shangazi yake kabla hajafariki. Yale hayapo kwenye folda nyingine yoyote. Yangeenda na elfu 30 ya fundi. Mzee aliposoma ukurasa wa kwanza alinyamaza muda mrefu, alafu akaniambia niprinti kwanza hayo kabla ya kuendelea na kazi yoyote, nikaprinti kurasa 12 kwenye hiyo hiyo Windows 7.

Betri nimebadilisha, magazeti yakafunguka pale pale. SSD elfu 60, RAM vijiti viwili elfu 20. Nilimkalisha na Mint ya kwenye flashi jioni nzima, akaandika, akauliza maswali, kilichomuingia ni ile kamusi ya Kiswahili, ilimpigia mstari mwekundu neno akafungua kamusi yake ya kitabu kuhakikisha, ikawa kweli kakosea herufi. Akasema iweke hiyo. Sasa inawaka chini ya dakika moja. Diski ya zamani iko kwenye kabati la mama, imeandikwa USIGUSE.

Miti ya ukoo maboksi yamehama kweli kama fundi alivyosema, mitano kati ya tisa, PDF zake zipo. Printa ilinisumbua kidogo, hp-plugin iligoma mara ya kwanza mtandao ukikatika, ya pili ikakubali.

Swali limebaki moja, mzee anataka kuichora ile miti upya lakini kwa kitu ambacho hakitahama tena. Nimuonyeshe nini?

Mvita_kompyuta

Mashallah, mpe heshima zangu mzee. Hapo hapo kwenye LibreOffice mna Draw, maboksi ukiyaunganisha kwa ile mishale ya kuungia hata ukilisogeza boksi mshale walifuata. Amalizapo asevu PDF aiingize kwenye kitabu. Aanze na ule mti mdogo kabisa, apate mkono.

dada_wa_steshenari

Na hayo mahojiano ya shangazi uyakopi tena, kaka, kabla ya leo kuisha.