Mchezo wa uchaguzi Marekani 1992: asilimia za kuanzia, kujumlisha au kuzidisha?

Sanawari_92: Wakuu, Jumamosi tunacheza hapa Arusha mchezo wa kuiga uchaguzi ule, wagombea urais wakiwa Clinton (Democratic), Bush (Republican, rais wa wakati huo) na Perot (mgombea binafsi). Tunaanzia Juni, Perot akiongoza kwa 39, Bush 31, Clinton 25, kama utafiti wa maoni wa Gallup (sio zile kura za maoni za ndani ya chama). Kwa kila jimbo nina matokeo ya Novemba tu, ambayo kitaifa yanampa Perot 18.9. Nimwongezee pointi 20 kila jimbo, au nizidishe kwa 2.06?

PasuaMoshi: Jumlisha. Maine alipata 30.4, ukizidisha anafika karibu 63, na hapo hakuna kampeni tena. Ukijumlisha anakaa 50. Mississippi, alikopata 8.7, kuzidisha kunampa 18 tu, kujumlisha 29. Kuzidisha kunatanua pengo la majimbo kupita kiasi.

Njiro_Block: Kwa Juni, sawa. Ila mkianzia Oktoba, aliporudi baada ya kujitoa Julai, na mkataka awe na 8, kutoa pointi 11 kunaiacha Mississippi chini ya sifuri. Ukiiweka sifuri, jumla ya kitaifa haikai tena. Hapo zidisha kwa 0.42: Mississippi 3.7, Maine 12.8. Anayepanda mjumlishie, anayeshuka mzidishie.

Kwa Juni hiyo hiyo, Clinton na Bush wanashuka: Clinton zidisha kwa 0.58, Bush kwa 0.83. Maine inatoka takriban Perot 50, Bush 25, Clinton 23. Jumla 98. Punguza wote kwa uwiano hadi 95, tano zilizobaki ni wasioamua. Rudia kila jimbo, usiruke hata moja.

Sakina: Kosa la kawaida liko kwenye kuhakiki. Msijumlishe asilimia za majimbo 50 na Washington D.C. kisha mkagawa kwa 51. Perot alikuwa na nguvu Alaska (28.4) na Montana (26.1), majimbo yenye wapiga kura wachache, kwa hiyo wastani huo unampandisha bure. Zidisha asilimia ya kila jimbo kwa kura zilizopigwa humo, jumlisha, gawa kwa kura zote. Kura za wajumbe (wale wanaomchagua rais kwa niaba ya kila jimbo) pia si kipimo cha hapa.

PasuaMoshi: Na msiwaze kama urais wetu, ambapo kura ya Moshi na ya Arusha zinaingia kapu moja. Kule, ukiacha Maine na Nebraska, anayeongoza jimbo anazoa wajumbe wake wote. Perot alimaliza na wajumbe sifuri. Pointi mbili zikikosewa kwenye jimbo la ushindani, mchezo mzima unapinda.

Sanawari_92: Mchezo unatenganisha wafuasi thabiti na wanaoegemea. Wagawanyweje?

Njiro_Block: Clinton na Bush, thabiti theluthi mbili. Perot ningempa theluthi moja, waliobaki waegemee. Wakiwa thabiti wote, matangazo na midahalo haviwahamishi, naye anabaki kinara mpaka Novemba. Uacheni mchezo ujiendeshe mara 20 bila mchezaji. Perot akishinda zaidi ya nusu, punguzeni thabiti kwanza; asilimia za majimbo msiziguse.