Mtoto wa Micheweni kanyamaza darasani, siku ya utamaduni itamsaidia?

Mwalimu_Mjini:
Asalaam alaykum jamani. Nasomesha darasa la tano, skuli moja hapa mjini Unguja. Muhula huu nimeletewa mtoto wa kiume kutoka Micheweni, Pemba, babake kahamishiwa kazi huku. Mwanzoni kila swali mkono juu. Ikatokea siku kasema daftari kaliacha "kyumbani", yaani chumbani kwa Kipemba, darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo hata nikimwita jina ananiitikia kwa kichwa.

Mkuu wetu anataka siku ya utamaduni mwisho wa muhula: kanga, kanzu, ngoma, wazazi waalikwe, urojo uuzwe. Sina ugomvi nayo. Nimesoma kuwa Australia wenyeji wa asili, Waaborijini, wana wiki yao kila Julai. Skuli hupandisha bendera yao, nyeusi juu, nyekundu chini, duara la manjano katikati, na wazee wao huitwa kuja kuzungumza na watoto. Ninalouliza ni hili: haya yanamrudisha vipi mtoto aliyekwisha kunyamaza? Au nitamtoa jukwaani acheze msewe, ngoma ya kwao Pemba, Jumatatu wenzake wamcheke upya?

Yakhe_wa_Wete:
Yakhe, usimchezeshe mtoto wa watu msewe kwa kuwa katoka Pemba! Mie mzaliwa wa Wete na msewe siujui, ukinifunga hiyo misewe miguuni ntakwenda chini mbele ya wageni rasmi. Muulize kwanza yeye anajua nini. Huenda babu yake ana ng'ombe wa mchezo, huenda mamake analima mwani, huenda hapendi chochote ila mpira.

Na hao waliocheka je? Mbona suala zima umemtwika yeye? BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wamechapisha kamusi ya Kipemba, ya Kimakunduchi na ya Kitumbatu. Zitafute, ziweke mezani pako zionekane. Mtoto akiona maneno ya bibi yake yamo kitabuni, na mwalimu anafungua kutafuta, kicheko kitapungua nguvu.

Bi_Kae:
Mwanangu mwalimu, mie wa Makunduchi. Kila Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, tunaletewa watoto wa skuli kwa basi. Wanatazama wanaume wakipigana kwa makome ya migomba, wanatazama kibanda cha makuti kikitiwa moto, wanapiga picha, wanaondoka. Chakula tumepika, maana siku ile nyumba isiyo na mgeni haina raha, nao washapanda basi!

Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza mwaka wenyewe unahesabiwaje. Unaanzia siku hiyo ya Nairuzi, ukenda kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Marehemu baba hakuwa na kalenda ukutani, lakini akikwambia mwongo huu tia mbegu, ujue mvua iko njiani. Wavuvi nao vivyo hivyo. Hiyo ni hesabu na ni jiografia, ingia nayo darasani. Ngoma tutacheza wenyewe.

Shangazi_wa_Perth:
Nampa mkono Bi Kae. Dada yangu anaishi Perth, huko huko Australia, na binti yake anasoma huko. Wenyeji wa sehemu ile ni Wanoongar, na mwaka wao una misimu sita. Birak ni joto la Disemba na Januari, Makuru ni mvua na baridi ya Juni na Julai. Yule binti, Mzanzibari mtupu, anaijua yote sita, kwa sababu mwalimu wao huwatoa nje kutazama mti gani umechanua.

Ila mwalimu, usizichanganye hizi habari mbili. Kule serikali iliwachukua watoto wa Kiaborijini kutoka kwa wazazi wao kwa miaka mingi, hadi Waziri Mkuu Kevin Rudd akaomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Ile bendera skulini ina kilio nyuma yake. Sisi hapa tunamcheka mtoto wa ami yetu, tena wengi wa wanaocheka bibi zao wanatoka Chake, Pemba hiyo hiyo.

Mwalimu_Mjini:
Hapo kwa bibi wa Chake umenichekesha, maana nimechungulia rejista yangu na ni kweli kabisa.

Basi nitafanya hivi. Wiki ijayo mada ni hali ya hewa. Kitabu kinawapa kaskazi, kusi, masika na vuli kwa mistari michache tu. Nitamwagiza kila mtoto akamuulize mzee wa kwao: kusi likivuma, kwenu mnafanya nini, mnaacha nini? Wa mjini watarudi mikono mitupu, nawajua. Huyu wangu wa Micheweni babake mdogo ni mvuvi, ataleta cha kusema. Simlazimishi kusimama mbele. Aandike, mie nitasoma alivyoandika, bila ya kumsahihisha kila "ky" kwa wino mwekundu.

Bi Kae, nikikutumia nauli ya daladala utakuja kuwahesabisha miongo? Nitamwambia mkuu akuweke kwenye ratiba kabla ya ngoma. Urojo hauondoki, keshaagiza mbatata.

Bi_Kae:
Nauli ninayo. Nambie siku tu, na isiwe Ijumaa.

Yakhe_wa_Wete:
Na huyo mtoto mwulize kama anajua kucheza mpira. Najua ninachokisema.