Tupeane uzoefu: nini hasa kilikuwa kinakula umeme wako?

Kibatari: Wakuu, habari za majukumu. Niko Kimara, familia ya watu watano. Miaka mitatu nimegombana na wanangu kuhusu taa, "zima taa!" ndiyo ilikuwa salamu yangu nikirudi kazini, na luku inaisha vilevile. Juzi nikaamua kuivizia mita. Kila siku saa moja jioni nasoma uniti zilizobaki, naandika nyuma ya daftari la hesabu la binti yangu.

Wiki haikuisha nikamkamata mwizi. Siku za shule tunakula karibu uniti tano, Jumamosi na Jumapili mbili na kidogo. Kinachotofautisha ni ile koili ya kuchovya kwenye ndoo alfajiri. Koili ya wati 1500 ikikaa dakika 20 imeshakula nusu uniti, na sisi tuko watano, kila mtu na ndoo yake. Taa zangu sita za LED za wati 9, zikiwaka zote kwa saa tano, hazifiki hata theluthi ya uniti! Sasa maji ya moto ni ya yule mdogo tu. Wengine tunaoga ya tangini, na kwa joto la Dar hayo nayo yana uvuguvugu wake. Haya, mwaga ya kwako.

Mbishi Kidogo: Kwa hiyo taa tuache ziwake?

Kibatari: Zima, ila usimpigie mtoto kelele.

Fundi Waya: Walioko D1, lile daraja la bei nafuu kwa nyumba zinazotumia umeme kidogo, shikeni hesabu hii: uniti 75 kwa mwezi ni 2.5 kwa siku. Ndani ya hapo uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, ukivuka zinazozidi ni 350. Koili ya Kibatari peke yake ilikuwa inamaliza mgao wa siku nzima.

Jingine. Chomoa kila kitu ukutani, zima taa zote, kaangalie ile taa nyekundu ya mita. Ikiendelea kupepesa, kuna umeme unakwenda mahali. Tabata niliitwa nyumba moja, nikafuata waya darini hadi fremu ya mbele, nikakuta unawasha friji la soda. Mwenye nyumba alikuwa amenunua nyumba pamoja na waya wake, na mwenye duka anaapa alidhani umeme umo kwenye kodi.

Pwani Damu: Mie wa Mombasa, stima hainisumbui sana, gesi ndiyo iliyokuwa ikinimaliza. Nikakumbuka kapu la bibi. Maharagwe nayaloweka usiku kucha, asubuhi nayachemsha kwa nguvu dakika 20, kisha sufuria na kifuniko chake naitia kapuni, blanketi chini, blanketi pembeni, mto juu. Naenda zangu sokoni. Adhuhuri nikifunua mvuke wanipiga usoni, maharagwe yamelainika, yangoja tui tu. Mtungi wa kilo 6 uliokuwa ukiisha wiki tatu sasa wanifikisha tano.

Mama Pili: Pasi. Sare zote napiga Jumapili kwa mkupuo mmoja, mwishoni nachomoa, kanga na leso zinanyooka kwa joto lililobaki. Basi.

Mpangaji Sugu: Yangu ni ya aibu. Tuko vyumba sita mita moja, kila chumba kinatoa elfu tano. Chumba cha tatu kuna dada anauza barafu. Kila luku ikikata, mimi ndiye wa kwanza uani kusema, "wenye biashara waongeze." Mwishowe dada wa watu akachoka, akasema tufunge sabmita kila chumba, gharama anaanza yeye. Mwezi ukaisha, tukasoma. Mimi na kifriji changu cha mtumba nimempita muuza barafu!

Uani kukawa kimya, nikatamani simu iite. Fundi alipokuja alibana noti kwenye mlango wa friji, akaivuta kwa vidole viwili, ikateleza. Mpira umekufa, baridi inatoka usiku kucha na mota haipumziki. Tena nilikuwa nimeliegemeza ukutani, mgongo unaungua. Nimebadilisha mpira, nimelivuta mbele kiasi cha kiganja. Dada wa barafu nilimpelekea soda, akacheka, akaniuliza iko baridi kweli?

Kibatari: Mpangaji Sugu umeniharibia usiku. Nimeenda kubana noti ya elfu moja sasa hivi, imetoka kama imepakwa mafuta. Mafundi wa mpira wa friji Kimara wako wapi?