Tupeane uzoefu: mtoto anasoma kwa Kiingereza na Kifaransa, Kiha kinabakije nyumbani? (Kigoma)

Mama wa Mwanga
Habari zenu wakuu. Niko Kigoma mjini. Mwanangu yuko darasa la nne, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Kwenye bango wameandika "ya kimataifa", ingawa umataifa wenyewe ni watoto wachache wa Kikongo na wawili watatu wa wafanyakazi wa mashirika. Masomo yote Kiingereza, Kiswahili ni kipindi, na Kifaransa nacho wameanza.

Mimi ni Muha wa Kasulu, baba yake wa Buhigwe. Nyumbani tunaongea Kiswahili. Kiha tunakitoa tukiwa na jambo ambalo mtoto hatakiwi kulisikia, basi.

Likizo tukaenda kwa bibi yake. Bibi Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Anamwongelesha mjukuu, mjukuu ananigeukia mimi nimtafsirie. Bibi akaniuliza kwa Kiha, mbele ya majirani: huyu mlimzaa au mlimwokota? Watu wakacheka, mimi nikacheka kwa kulazimisha.

Naomba waliopitia hii watuambie walifanyaje. Wale wa "utafiti unasema" mtuachie nafasi kidogo. Nawasilisha.

Mawese na Dagaa
Dada, mimi niko mwaloni Kibirizi. Wateja wangu ni wa Uvira na Kalemie, ng'ambo Congo, kwa hiyo watoto wangu Kifaransa wamekiokotea hapahapa kwenye madumu ya mawese, shule imewakuta nacho.

Kilichonishangaza ni binti yangu kukosa swali la namba. Sabini ameandika *septante*, mwalimu kaweka mkasi mwekundu. Kitabu chao kimetoka Ufaransa, na Wafaransa sabini yao ni *soixante-dix*, yaani sitini na kumi. Sasa Congo na Burundi wote wanahesabu kama Wabelgiji: *septante*, na tisini ni *nonante*. Nilienda shuleni, tukaongea vizuri tu na mwalimu. Binti siku hizi kwenye mtihani anaandika ya kitabuni, jioni kwenye mzani anatumia ya Wakongo. Mtajie Mkongo bei kwa *soixante-dix* uone anavyokuuliza umerudi lini kutoka Paris.

Kiha chao kiko vizuri, kwa sababu mama yao hana lugha nyingine ya kugombezea.

Mwl. Mpare
Nafundisha Kifaransa, si mwenyeji wa huku, nililetwa na ajira. Hilo la mwaloni ni kweli kabisa, na mimi huwa napokea zote mbili darasani, nawakumbusha tu mtihani unataka ipi.

Mama wa Mwanga, mnakaa juu ya mali hamuioni. Kiha na Kirundi watu wanasikilizana bila mkalimani. Mtoto mwenye Kiha akivuka mpaka wa Manyovu kuingia Burundi tayari ana lugha ya nchi jirani, na huko Kifaransa ni lugha rasmi pia. Nina wanafunzi ambao Kifaransa kimewakaa kichwani kwa sababu wana ndugu ng'ambo wa kuongea nao. Wa kusoma kitabuni tu hukitema mtihani ukiisha.

Mjiji Asilia
Naomba tusisahau kuwa si kila mtu wa Kigoma ni Muha. Sisi wa Ujiji, Wamanyema na wengineo, wengi wetu lugha ya kwanza ni Kiswahili, kimeletwa na misafara ya kutoka pwani na kimebaki. Kwa hiyo kinachotuponyoka sisi ni Kiswahili chenyewe. Mwanangu alirudi kutoka hizo shule za Kiingereza anasema "kitabu yangu", "mtoto ile". Bibi yake alitaka kuzimia.

Hatukumpigia kelele. Akisema "kitabu yangu kimepotea", mimi namjibu "kitabu chako kimepotea wapi?" na mazungumzo yanaendelea. Anajirekebisha bila kujua. Jioni yuko madrasa, ustadhi anafundisha kwa Kiswahili, na Kiarabu anakipata humohumo. Ila kuna shule, sitaitaja, ukikutwa unaongea Kiswahili wakati wa mapumziko unavishwa kibao shingoni hadi umkamate mwenzako. Mwanangu tulimhamisha huko.

Kibondo Moja
Wakuu tusidanganyane. Kiha hakina mtihani na hakina ajira. Mimi nilianza darasa la kwanza sijui Kiswahili, nilichekwa hadi nikachukia shule. Wanangu Kiingereza na Kiswahili, inatosha.

Mkalimani
Kibondo Moja, pole kwa yaliyokupata, lakini hapo kwenye ajira umenichokoza. Digrii yangu ilikaa kabatini sana. Kazi niliyoipata ni ukalimani na Warundi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, na kwenye usaili waliniuliza Kirundi. Nilichokuwa nacho ni Kiha cha bibi. Kiingereza kilinisaidia kuandika ripoti, lakini mlango ulifunguliwa na Kiha.

Mhitimu wa Moshi
Mimi nilisoma shule ya kimataifa kweli, ya IB (mtaala wa kimataifa wa International Baccalaureate), Moshi, kwa ufadhili. Ile diploma inataka lugha mbili: moja unayoimudu, unaisomea fasihi yake, na nyingine ya kujifunza. Ukitaka unachukua fasihi kwa lugha zote mbili, ukifaulu unapewa diploma ya lugha mbili. Mimi nilifanya hivyo kwa Kiswahili na Kiingereza. Na kama shule haina mwalimu wa lugha yako, unaruhusiwa kujisomea fasihi yake kwa usimamizi, ila kwa kiwango cha kawaida, si cha juu. Niliokuwa nao bweni moja kuna waliofanya hivyo kwa lugha za kwao.

Kiha sikukiwaza hata. Ningesoma riwaya ipi?

Kilichonisaidia ni babu yangu wa Heru Juu. Hawezi kuandika meseji, kwa hiyo alikuwa ananitumia sauti WhatsApp. Ndefu! Ng'ombe wa fulani kaingia shamba la mihogo, mpaka wa shamba umesogezwa tena, nani kaoa, nani kakimbia. Nilikuwa nazisikiliza usiku, nyingine mara tatu ndipo naelewa, maana Kiha cha wazee wanakipitisha kasi. Nikijibu, Kiha changu kibovu, babu anairudia sentensi yangu ilivyotakiwa kuwa, anacheka, halafu anaendelea na mpaka wa shamba. Hakuwahi kuniambia "jifunze Kiha". Alikuwa na habari zake, na habari zilikuwa kwa Kiha.

Mama wa Mwanga
Asanteni sana. Mhitimu, hiyo ya sauti naianza. Baba mtoto naye amekubali chakula cha usiku kiwe Kiha tupu, ingawa anaogopa siri zetu zitaisha. Tatizo bibi ana kiswaswadu, hakina WhatsApp.

Mawese na Dagaa
Dada, ada ya shule ya kimataifa unalipa, simu ya bibi ndiyo ikushinde?

Mama wa Mwanga
🤣🤣 Nimekusikia kaka. Mwenye kujua duka la simu za mtumba pale Mwanga ambalo haliuzi mbovu, anitumie namba inbox.