Bamba la kufyonza na kupuliza: matundu ya leza, sinta au mifereji?

Bawa_Jembamba: Wakuu, salaam. Naagiza bamba la majaribio kwa ajili ya handaki la upepo: ukuta utakaofyonza hewa, na baadaye uipulize, nione tabaka la mpaka (hewa nyembamba inayotambaa juu ya ukuta) linatulia wapi na linavurugika wapi. Nimebaki na titani iliyotobolewa kwa leza, shaba ya sinta (unga wa chuma ulioshikamanishwa kwa joto, wenye vinyweleo), au bamba la mifereji myembamba. Oda inafungwa wiki hii. Nichukue lipi?

Mzee_wa_Handaki: Kwa kasi gani, mkuu? Bamba urefu gani? Na handaki lenyewe lina msukosuko kiasi gani? Upepo ukifika umeshachafuka, hata ukuta wa dhahabu haukuokoi.

Bawa_Jembamba: Mita 20 kwa sekunde. Nitafyonza kidogo tu.

Eigeni: "Kidogo" si namba. Bamba lisilofyonzwa, mawimbi ya Tollmien-Schlichting, yale madogo yanayoanzisha vurugu, huanza kukua namba ya Reynolds (uwiano wa kasi na ukubwa dhidi ya mnato), ikipimwa kwa unene wa mhamisho (kiasi ambacho tabaka linausukuma upepo mbali na ukuta), ikifika kama 520. Fyonza kwa usawa mpaka profaili ya kasi (jinsi kasi inavyopanda kutoka ukutani kwenda juu) iache kubadilika, kikomo kinapanda hadi karibu 54,000. Wengi hudhani ni kwa sababu tabaka limekonda. Hapana, profaili yenyewe imejaa karibu na ukuta, na hilo ndilo kubwa. Ukipuliza inakuwa kinyume: mkunjo wa profaili unageuka katikati ya tabaka, na mawimbi hukua hata bila msaada wa mnato.
Kasi ya kufyonza ya vitabuni, ya kulinda tabaka tangu ukingo wa mbele, ni 0.00012 ya kasi ya upepo. Kwako ni milimita 2.4 kwa sekunde. Matundu yakiwa asilimia 1 ya eneo, tunduni hewa inapita mita 0.24 kwa sekunde. Tafuta presha inayopotea hapo kwanza, ndipo uchague.

Msumeno: Leza, basi. Tundu la mikromita 50 hadi 100, uso laini, mchezo umekwisha. Sinta ni bahati nasibu: huku inapitisha, kule imeziba, na vumbi likizama humo halitoki.

Mama_Sinta: Usimtishe kijana. Hayo matundu yako ukiyafyonza kwa nguvu, kila moja linaacha nyuma yake mizunguko miwili inayoburuzwa na upepo. Unafyonza ili utulize, kumbe unachokoza.

Mzee_wa_Handaki: Mnabishania ngozi, na ugonjwa uko tumboni. Sisi tuliletewa bamba zuri la leza, chini yake chumba kimoja cha kufyonzea, kirefu mwanzo hadi mwisho. Juu ya bamba presha haikuwa sawa, mbele ilikuwa kubwa kuliko nyuma. Pampu inavuta, mita inasoma vizuri, na mtiririko unavurugika mapema kuliko tulipoziba matundu yote! Tukabadilisha pampu, tukasafisha matundu, tukagombana na muuzaji. Mwisho fundi akapitisha moshi juu ya uso: mbele unazama, nyuma unainuka. Hewa ilikuwa inaingilia mbele na kutokea nyuma, yaani tulikuwa tunapuliza bila kujua. Gawa vyumba, kila kimoja na vali yake, halafu nunua ngozi unayotaka.

Kipanga: Mifereji mbona hamuitaji? Northrop X-21, ndege ya majaribio ya mwaka 1963, ilirushwa nayo.

Msumeno: Na ikawatesa. Bawa lilikuwa limeinamishwa kuelekea nyuma, vurugu za kwenye kiwiliwili cha ndege zikasambaa kwenye ukingo wa mbele.

Kipanga: Hilo ni kosa la ukingo. Mfereji umekosa nini hapo?

Mama_Sinta: Kuziba je? Mvua, wadudu...

Kipanga: Handakini kuna mvua?

Bawa_Jembamba: Vyumba nitauliza kama vinaweza kuongezwa. Eigeni, nikitaka kukokotoa mwenyewe ukuaji wa mawimbi, nitumie njia ipi ya namba, Chebyshev au tofauti finiti?

Eigeni: Chebyshev. Ila usichukue mlinganyo wa Orr-Sommerfeld (unaoeleza kama wimbi dogo litakua au litafifia) wa bamba la kawaida ukabadilisha profaili tu. Ongeza na neno la kasi inayoingia ukutani. Na kwenye tundu, kasi ya wimbi si lazima iwe sifuri, ukuta unapumua.

Msumeno: Hapo kwenye kupumua sikubaliani. Kwa presha kubwa namna hiyo tunduni, wimbi halihisi chochote.

Eigeni: Inategemea na chumba cha chini. Fungua uzi mwingine tuongee.