Naombeni ushauri: nilisema samaki wameoshwa, mteja akasikia wameoza

NyarDunga (Kisumu)

Habari zenu wapendwa. Jambo hili limenikaa rohoni tangu Jumanne, nikaona nililete hapa kwa sababu najua humu kuna walimu na kuna watu ambao mdomo ndio jembe lao.

Mimi nauza samaki hapa Kisumu. Nilianza na omena (dagaa) pale soko la Kibuye, sasa niko kwa ngege (tilapia) na mbuta (sangara), na tangu mwaka jana nina wateja Nakuru. Nawapanga kwenye boksi na barafu, napeleka stegi, yaani kituo cha magari, gari linapita Kericho na jioni mtu anapokea mzigo wake. Biashara yote iko kwenye simu. Mteja hanioni uso wala haoni samaki. Ananisikia tu, au anasoma nilichoandika, na hapo ndipo ninapoumia.

Jumanne nilimpigia mteja mpya, mama wa Pwani aliyeolewa Nakuru, ana kibanda cha chakula. Nilitaka kumwambia samaki wake wameoshwa vizuri. Ulimi ukatoa "wameoswa". Akanyamaza, halafu akauliza polepole, "Wameoza?" Nikasema hapana Mama, wameoswa, wako safi! Kadiri nilivyorudia ndivyo alivyozidi kusikia uozo. Akasema atanipigia. Hakupiga. Waliokulia na Dholuo wanajua hali hii: lugha yetu haina sh wala z, na mimi nikikutana nazo zote zinanitokea s.

Nikamwandikia ili nirekebishe. Nilituma hivi: "Samaki iko sawa. Tuma pesa sasa hivi gari inatoka saa kumi." Jibu lilikuwa "Haya." Basi. Jirani yangu aliposoma akasema ujumbe huo una ukali. Nilishangaa sana, maana moyoni sikuwa na ukali wowote, nilikuwa nakimbizana na gari.

Na juu ya hayo, akina mama wa chama chetu cha kukopeshana wamenichagua katibu. Jumamosi ya wiki ijayo nitasimama mbele ya watu ishirini na wawili nisome kumbukumbu nilizoandika mwenyewe. Shuleni nilifika kidato cha nne na insha sikuwa mbaya. Lakini kuandika insha ya mtihani na kuzungumza na mtu mzima anayetaka kukuamini ni vitu viwili. Naombeni mnisaidie, na msinifiche kitu.

Mwalimu wa Shinyalu

Dada, pole. Umeeleza vizuri kuliko unavyojidhania.

Mimi ni Mluhya na nimefundisha Kiswahili miaka mingi, lakini nilipoanza kazi "naja" yangu ilikuwa inatoka "nacha". Ulimi ni kiungo kama mkono, hufuata kile ulichokizoea. Kwa hivyo usianze na maneno, anza na sauti zenyewe. Sema sss kama upepo unaotoka kwenye tairi la baiskeli. Ncha ya ulimi iko karibu na ufizi wa juu, midomo imetanuka kidogo. Sasa, bila kukata pumzi, rudisha ulimi nyuma kidogo na uisogeze midomo mbele kama mtu anayepuliza uji wa moto. Hiyo ni sh. Kisha rudi kwenye sss, weka vidole viwili kooni na uongeze sauti mpaka usikie koo linatetemeka kama nyuki amefungiwa ndani. Hiyo ni z. Kati ya s na z ulimi hausogei popote, koo tu ndilo linaloamka. Wanafunzi wangu wengi waliipata z siku waliyoambiwa washike koo.

Baada ya hapo chukua maneno yanayotofautishwa na sauti hizo peke yake: shuka, suka, zuka. Saba na shaba. Shika na zika, na haya mawili uyazoee mapema, maana anayetaka kumwambia mtu "nishikie mtoto" hapaswi kukosea. Halafu yako mwenyewe: osha, oza. Yaseme ukipaa magamba asubuhi, dakika kumi tu. Jirekodi kwenye simu, usikilize jioni, sio hapo hapo. Sikio likipumzika linasikia kosa ambalo mdomo ulilificha.

Na kwa sasa, kabla ulimi haujazoea, usimwambie mteja "wameoshwa". Mwambie "ni safi, wamevuliwa leo asubuhi, matumbo yametolewa". Hakuna sh wala z humo.

Jamaa wa Kondele

Mwalimu nakuheshimu, lakini mimi naliona tofauti. Kwa nini dada yetu ajisugue ulimi kwa sababu mtu wa Pwani hakuelewa? Hata wao wana lafudhi yao na hatuwaambii wabadilike. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imesema Kiswahili ni lugha ya taifa, lakini kifungu hicho hicho kinaitaka serikali ikuze pia lugha za kienyeji. Dholuo si ugonjwa wa kutibiwa. Nimeona watoto hapa mtaani wanaogopa kusoma kwa sauti darasani kwa sababu waliwahi kuchekwa "samba". Wengine wakaacha kabisa kuinua mkono. Hilo linanichoma.

NyarDunga

Ndugu yangu wa Kondele, asante, na hilo la watoto ni kweli, hata mimi nilichekwa. Lakini mimi siikimbii Dholuo, nyumbani ndiyo tunayoongea. Nataka tu nikisema samaki ni wazuri, mtu asisikie vingine. Boksi moja likirudi ni karo ya mtoto.

Mwalimu wa Shinyalu

Nakubaliana nanyi wote wawili. Lafudhi iache, ni ya kwenu na inapendeza. Shughulikia pale tu maana inapopotea. Ukisema "samba" kila mtu atajua ni shamba. Ukisema "wameoswa" kwa mwenye kibanda cha chakula, hapo kuna hasara. Sauti mbili, maneno labda kumi na tano unayoyatumia kazini. Si lugha nzima.

Binti wa Pwani, Nakuru

Dada NyarDunga, mimi nimezaliwa Mombasa na naishi Nakuru, kwa hivyo niruhusu nimsemee huyo mama bila kumjua.

Kilichomuumiza si s wala z. Ni kwamba ujumbe wako haukumsalimu. Kwetu mtu huanza na hali, hata kama nyumba inaungua. Pili, "tuma pesa" kwa mtu aliyekuzidi umri ni kauli ya mzazi kwa mtoto anayetumwa dukani. Na "sasa hivi" imemalizia kisu. Najua kwenye lugha nyingi za bara kitenzi kikavu si utovu wa adabu, ndiyo maana sikulaumu, lakini Kiswahili kina mlango wake wa heshima nao ni mdogo tu: geuza a ya mwisho iwe e, utangulize ombi. "Tuma" iwe "naomba unitumie". "Ngoja" iwe "naomba ungoje kidogo". Mimi ningeandika hivi:

"Shikamoo Mama. Natumai mmeamka salama. Ngege wako kilo kumi wapo tayari, ni safi na wamewekwa barafu. Gari linatoka saa kumi jioni. Naomba unitumie malipo kabla ya saa tisa ili nipate nafasi ya kuufunga mzigo vizuri. Nikishaukabidhi nitakutumia namba ya gari. Asante sana."

Angalia hapo haraka yako haikupotea, ila imepewa sababu. Mtu akijua kwa nini saa tisa, hasikii kuwa anafukuzwa.

Tena nimeona uliandika "samaki iko" na "gari inatoka". Tunaoongea Nakuru na Kisumu hatushangai, wote tunasema hivyo mtaani. Kwa kuandika jipe kazi ndogo: usisome ngeli zote, soma za vitu vyako. Samaki wapo. Mzigo umefika, mizigo imefika. Boksi limelowa, maboksi yamelowa. Pesa zimeingia. Barafu imeyeyuka. Kilo mbili zimebaki. Gari limechelewa. Ukizishika hizo, karibu kila ujumbe wa biashara yako utakuwa umenyooka. Ziandike kwenye karatasi, ubandike pale unapochajia simu.

Mzee wa Stegi, Nakuru

Binti yangu, nimebeba abiria miaka ishirini na nimejifunza jambo moja kuhusu mazungumzo ya simu. Mtu akinyamaza, usirudie neno lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Ulirudia mara ngapi? Yule mama hakuwa kiziwi. Badili neno, au muulize, "Mama, umenisikia nikisemaje?" Akikwambia alichosikia, utajua pa kurekebisha.

Na kabla hujakata simu, rudia agizo lake kwa mdomo wako: "Kwa hivyo ni kilo kumi, ngege wa kuenea sahani, na nikutumie Alhamisi. Ni hivyo, Mama?" Mteja akisikia maneno yake yakirudishwa anatulia. Mimi abiria akiniambia pa kushuka, humrudishia jina la mahali, na sijawahi kugombana.

Huyo mama mpigie tena. Usimwandikie, mpigie.

Katibu Mstaafu, Kakamega

Nimeandika kumbukumbu za vikao vya ushirika kwa muda mrefu, nitasema hilo tu.

Mpangilio ulioufundishwa shuleni bado ndio huo huo: tarehe, mahali na saa, waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru, ajenda, yaliyotokana na kumbukumbu za mkutano uliopita, shughuli nyinginezo, kufungwa. Hilo si gumu. Ugumu uko katikati, akina mama wanapoanza kurushiana maneno juu ya mkopo ambao haujalipwa. Katibu mgeni huandika kila neno. Usifanye hivyo. Andika kilichoamuliwa, nani atakitekeleza na lini. Kwa mfano, wakigombana nusu saa juu ya mwanachama aliyechelewesha, wewe andika: "Ilikubaliwa kwamba mwanachama aliyechelewesha marejesho atamaliza deni kufikia mkutano ujao. Mweka hazina atafuatilia." Matusi yabaki hewani. Ukiyaandika, utayasoma mbele yao mwezi ujao, na ugomvi utaanza upya ukiwa wewe ndiye uliyeuwasha.

Andika jioni ile ile, kabla hujalala. Kisha usome kwa sauti, hata kama ni kwa watoto jikoni. Pale pumzi inapokukatika ndipo sentensi ilipo ndefu mno, ikate. Siku ya kusoma, ijue kwa moyo sentensi ya kwanza peke yake, uiseme ukiwatazama. Mikono itatetemeka, ni kawaida, kwa hivyo weka daftari juu ya meza, usilishike.

NyarDunga (siku kumi na moja baadaye)

Wapendwa, nimerudi. Mkutano ulifanyika Jumamosi. Daftari niliweka mezani kama Mzee Katibu alivyosema. Nilikwama mara mbili, lakini nilifika mwisho, na mwenyekiti akapendekeza kumbukumbu zithibitishwe bila marekebisho.

Sh inakuja. Z bado inanikimbia nikiwa na haraka, ila nikishika koo inatoka, na mtoto wangu wa darasa la pili sasa naye anashika koo akisoma.

Yule mama nilimpigia. Nikamsalimu kwanza, nikamweleza kwamba siku ile ulimi wangu ulinisaliti. Akacheka, tukaongea hadi habari za Mombasa, akaagiza kilo tano kujaribu. Mzigo ulifika salama. Lakini jana usiku nimepata habari kuwa amefiwa na mama yake mzazi, na amesafiri Pwani kwa mazishi. Nataka kumwandikia na nimefuta mara nne. Naogopa kukosea tena. Niandike nini?

Binti wa Pwani, Nakuru

Pole na wewe, dada. Andika fupi. "Makiwa, Mama. Nimesikia kuhusu msiba wa mzazi wetu na nimehuzunika nanyi. Mungu amlaze mahali pema peponi na awape subira." Weka jina lako chini, kwa sababu anapokea jumbe nyingi na huenda hakuhifadhi namba yako. Samaki usiwataje kabisa, wala usimuulize atarudi lini.

NyarDunga

Nimetuma sasa. Asanteni.