Thermometer inakatwa wapi?

Mama Nasra: Habari za jioni wanajukwaa. Binti yangu kaingia kidato cha kwanza. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, sasa Biolojia na Fizikia ni Kiingereza kitupu. Neno refu analikata Kiswahili-Kiswahili, the-rmo-me-te-r, halafu anakwama kwenye ile r ya mwisho. Nimsaidieje?

Mwl. wa Sayansi: Mama Nasra, hongera kwa kukaa naye. Hapo kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya: kukata kwa maana na kukata kwa sauti. Hata Kiswahili kinazo. "Anapika" kwa sauti ni a-na-pi-ka, kwa maana ni a-na-pik-a, mzizi ni pik. Hilo keshalisoma kwenye Kiswahili, anzia hapo.

Thermometer kwa maana ni thermo, joto, na meter, kipimo. Akivishika vipande hivyo, hydrometer na barometer hazimtishi tena. Kwa sauti sasa: ther-mom-e-ter, mkazo kwenye mom. Ile m ya meter imevutwa nyuma! Biology vilevile, bio na logy, lakini mdomoni ni bi-ol-o-gy. Mimi huanza na maana siku zote, maana mtoto anayejua vipande hata tahajia haimsumbui.

Kaka wa Tanga: Naunga mkono. Ila silabi za Kiingereza azihesabu kwa sikio, asihesabu herufi. Cheese ina e tatu na silabi moja tu. Sisi "chai" tu tayari ni mbili, cha-i. Na mkazo wetu kwa kawaida unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, wao unahama. Photograph uko mwanzoni, photography unakwenda kwenye tog, photographic unatua kwenye graph.

Mama Nasra: Asanteni sana. Mwalimu, na photosynthesis? Hiyo ndiyo iliyomliza jana.

Mwl. wa Sayansi: Mpe pole. Ni Kigiriki: photo mwanga, syn pamoja, thesis kuweka. Mmea unaunganisha maji na kabonidayoksaidi kwa nguvu ya mwanga, neno lenyewe limebeba somo zima. Kwa sauti ni pho-to-syn-the-sis, mkazo kwenye syn. Mkiwa na kamusi ya Oxford, tafuteni kile kistari kidogo cha wima kilicho juu, kinatangulia silabi yenye mkazo. Zile nukta za kamusi nyingi za Kimarekani zinaonyesha pa kukatia neno mstari unapoisha, msizifuate kwa matamshi.